Futi Sita Nyuma ya Ikulu

Jina la kweli la nchi hiyo nimelimeza, na mkinibana nitasema nilikula maharage. Tuiite Tambarare, yaishe. Ni nchi bapa yenye jua la kutoboa utosi, na udongo wake ni mweusi tii, ule wa mfinyanzi ambao masika huvimba na kiangazi hupasuka mpaka ndama akitumbukiza mguu, mguu unabaki huko.

Juu ya udongo wa namna hiyo nyumba hazitulii. Mvua ikinyesha kuta hupinda, fremu hubana, na mlango uliofunguka jana leo haufunguki hata uusomee dua. Watu wa kwingine wangesema jamani, tatizo ni ardhi, tuchimbe msingi upya. Watu wa Tambarare ni waungwana, hawagombani na ardhi. Wanachukua randa, wanaukwangua mlango. Kiangazi, nyumba ikirudi mahali pake na mlango ukaonekana mdogo, wanapigilia vibanzi kuziba uwazi. Mvua zikirudi wanakwangua tena. Mlango wa miaka kumi hauna ubao wake wa kwanza, ni viraka vitupu, na wenyewe wanaupenda hivyo hivyo.

Kila nyumba ina randa yake, imetundikwa msumarini nyuma ya mlango kwa ndani, maana ya nje huibwa. Bibi harusi haingii kwa mumewe bila randa. Na mvua za kwanza zikianza, nyumba haiachwi tupu. Lazima abaki mtu ndani wa kukwangua, la sivyo mwenye nyumba atarudi akae barazani aitazame nyumba yake. Likumbukeni hilo, mimi sirudii maneno.

*

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Baba Nguzo, Mtulizaji wa Ardhi na Vyote Vitikisikavyo. Siku moja alirudi kutoka safari ya nje akiwa amewaona wakuu wenzake wakirushiana kijimpira juu ya wavu, kila mmoja uani kwake, ndani ya kaptura nyeupe. Roho ikamuuma. "Mimi nina ua," aliwaambia mawaziri uwanja wa ndege, kabla hajapokea hata maua. "Na kaptura ninayo. Uwanja wa tenisi kwa nini sina?" Jioni ile ile wakaitwa wahandisi.

Mhandisi wa kwanza aliupima udongo nyuma ya jiko la Ikulu akasema kazi hii inahitaji mwaka mmoja. Akapewa mwaka mmoja, ndani, na uji mara moja kwa siku. Wa pili alikuwa ameshaona ya mwenzake, akasema hakuna shida hata chembe, Mtukufu. Akamwaga zege kwa siku tatu, likang'aa, likapigwa picha. Masika ilipofika uwanja ukatutumka katikati kama andazi, wavu ukawa kileleni, na Mtukufu akawa hamwoni mpinzani wake. Wakaletwa mafundi arobaini wenye tindo, wakaukwangua mgongo ule mpaka ukawa sawa, kwani ndivyo walivyozoea kufanya majumbani kwao. Kiangazi kikaja, udongo ukanywea, na pale palipokwanguliwa pakawa bakuli.

Mhandisi wa pili alishtakiwa kwa kumpandisha Mtukufu na kumshusha bila idhini. Alipelekwa masomoni. Hakuna anayejua alisomea nini, ila mkewe aliletewa viatu vyake.

Ndipo likatafutwa jina la tatu, na jina hilo lilikuwa Mzamilu Kitogo.

*

Huyu Mzamilu alikuwa mpima udongo katika Wizara ya Ardhi Iliyotulia. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika ripoti kwamba ardhi haijatulia, na wizara ilizipokea zote kwa shukrani na kuzitumia kufungia karanga kantini. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye viganja vyeusi visivyotakata hata kwa magadi. Mungu hakumjalia mtoto. Alimjalia mke, Mwantumu binti Salehe, na nyumba ya vyumba viwili Mtaa wa Vibanzi, na Mzamilu aliona amepewa vya kutosha.

Alifikishwa mbele ya Kamati Kuu ya Uwanja. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri Lihundi, mtu mwenye shahada nne, zote za heshima. Mzamilu akachota udongo wa Ikulu, akaulowesha, akausokota viganjani mpaka ukawa mwembamba, akaukunja pete. Pete haikukatika. Akaiinua waheshimiwa waione.

"Udongo unaokunjika hivi bila kukatika haujengewi juu, waheshimiwa," alisema. "Dawa ni moja. Uchimbwe futi sita, utolewe wote. Ijazwe changarawe nyekundu, ishindiliwe tabaka kwa tabaka, iachwe masika moja ipite. Hapo uwanja utatulia mpaka kwa wajukuu."



"Futi ngapi?" aliuliza Waziri Lihundi.

"Sita, mheshimiwa."

"Shimo la futi sita. Uani kwa nani?"

Hapo ndipo Mzamilu alipozinduka. Desturi aliijua, kazaliwa nayo. Tambarare shimo linalopita kifua halichimbwi uani kwa mtu aliye hai, isipokuwa liwe na mwenyewe, yaani maiti anayesubiri. Likichimbwa bila mwenyewe, shimo humtafuta, na wa kwanza kumpata ni mwenye ua. Hata vyoo vyao ni vya futi nne, ndiyo maana nchi ile ina harufu yake. Yote hayo Mzamilu aliyajua. Lakini ukiandika ripoti miaka ishirini na miwili bila kusomwa, unasahau kwamba watu wana masikio.

"Mtaalamu amechoka na safari," alisema Waziri Lihundi, ingawa Mtaa wa Vibanzi na Ikulu vilitazamana. "Andika, katibu: mtaalamu amepewa hadi kesho akumbuke alichotaka kusema."

*

Alimkuta Mwantumu anapigilia kibanzi mlangoni, misumari mitatu mdomoni. Mwantumu alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Akaitema misumari.

"Umewaambiaje?"

"Futi sita."

Nyundo ikamponyoka. "Uani kwa Baba Nguzo? Mume wangu, umelishwa nini leo?"

"Udongo ndivyo unavyotaka, Mwantumu. Mimi nifanyeje?"

"Udongo una mke? Udongo una wa kumlilia?" Akamshika viganja vile vyeusi, akavitikisa. "Kesho waambie wanachopenda kusikia, urudi hapa kwa miguu yako. Mimi sitaki kuletewa viatu."

Maneno hayo yalimwingia. Kuanzia siku ile Mzamilu hakutaka cheo, hakutaka sifa, wala hakutaka tena kuusema ukweli wa udongo. Alitaka kazi iishe arudi nyumbani kwa miguu yake, basi. Ni haja ndogo, na Tambarare haja ndogo ndizo hugharimu watu.

*

Kesho yake akaja na dawa ya pili, ya kupoza si ya kuponya. Udongo huvimba ukinywa na kupasuka ukikauka, alisema. Basi usiachwe ukauke. Uzungushiwe mabomba, umwagiliwe asubuhi na jioni kiangazi kizima, unyevu wake usibadilike.

Kamati ilipiga meza kwa furaha. Hakuna shimo, hakuna mkosi, na maji hayana desturi yoyote. Tenki la mji likafungwa upande wa mji na kufunguliwa upande wa Ikulu. Mzamilu akafanywa Mkurugenzi Mkuu wa Unyevu wa Taifa, akapewa kofia ngumu yenye nembo ya tone. Zege jipya likamwagwa, likalala sawa, likapakwa rangi ya kijani. Waziri Lihundi akatangaza redioni kwamba siku ya Sikukuu ya Utulivu Mtukufu atacheza na balozi wa nchi jirani, na dunia itanyamaza.

"Wananchi," alisema, "kiu ni hali ya kupita, uwanja ni urithi. Mwili wa binadamu, wanasayansi wanatueleza, sehemu kubwa ni maji. Maana yake kila mmoja wenu tayari anayo. Tuyatumie kwa uangalifu."

Watu wakatumia waliyokuwa nayo. Hospitali ilianza kuosha vidonda kwa maneno ya kutia moyo. Mtaa wa Vibanzi mabomba yalikohoa siku mbili, ya tatu yakakata roho. Jirani yao mmoja, Siwema, alikuwa amejifungua mapacha wiki ile ile, na maziwa yalikuwa yanamkauka kifuani kwa kukosa maji ya kunywa. Mwantumu hakumlaumu mumewe. Alikaa tu mkekani akikunja nepi za jirani zilizokaushwa bila kufuliwa.

Mzamilu hakuvumilia. Akamwinamia sikioni, ingawa walikuwa wawili tu chumbani.

"Bomba la Ikulu linapita nyuma ya kisima kikavu. Pana kiungio kinavuja. Nilikiona, nikakiacha makusudi. Nenda saa saba mchana, walinzi wanasinzia kwa jua. Ndoo moja, usizidishe."

Mwantumu akatabasamu, tabasamu ambalo Mzamilu alikuwa hajaliona tangu mwaka wa harusi. "Kumbe na wewe una akili nyingine," alisema. Tangu hapo kila mchana akaenda na ndoo yake ya njano, ile iliyoungua ubavuni ikazibwa kwa kipande cha kandambili. Mapacha wa Siwema wakaishi.

*

Ilibaki wiki tatu sikukuu ifike, na jua la mwaka ule halikuwa na adabu. Maji yalimwagwa asubuhi, saa nne yalikuwa yamekwenda. Kingo za uwanja zikakauka, katikati kukabaki na unyevu, udongo ukavutana, na siku moja ya Alhamisi zege likapasuka kwa mlio uliowarusha kunguru. Ufa ulianzia mstari wa nyuma ukaja mpaka kwenye wavu, upande wa Mtukufu. Ulimeza mipira miwili mchana huo.

Mtukufu alikuja mwenyewe kuutazama, raketi begani. Alikuwa mtu wa methali.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," alisema. Wote wakaandika. "Basi uzibwe. Lakini kwanza nijue, umeletwa na nani?"

Macho yote yakahamia kwenye kofia yenye nembo ya tone.

Mzamilu alijua jibu. Alilijua tangu siku ya pete. Ufa ule uliletwa na udongo, na udongo uliletwa na Mungu, na dawa yake ilikuwa futi sita alizoambiwa azisahau. Akafungua mdomo ayaseme hayo. Akaviona viatu vyake mwenyewe, vimekaa vizuri juu ya zege la kijani, na akawaza vikiwa mkononi mwa askari, mlangoni kwa Mwantumu.

"Unyevu unaibiwa, Mtukufu," alisema. "Maji hayafiki yote. Kuna mwizi njiani."

Uongo mtupu! Ndoo moja kwa siku haimpunguzii tembo mate. Alisema mwizi kama mtoto anavyosema paka, kwa sababu paka hana jina. Jioni ile alirudi nyumbani kwa miguu yake, akala, akalala. Mwantumu alimuuliza mbona hajambo leo, akasema kazi imekuwa nyepesi. Kumwambia asiende tena bombani alitaka amwambie, lakini ingebidi amweleze na sababu, akaona aibu. Akajisemea atamwambia kesho.

*

Kesho yake saa nane mchana aliitwa ofisini kwa Waziri Lihundi. Mezani palikuwa na fomu.

"Hongera, Mkurugenzi. Mwizi wako tumemkamata leo leo. Weka saini hapa."

"Jina halijaandikwa, mheshimiwa."

"Kwani hujui utaratibu? Tambarare jina huandikwa baada ya saini, ili mwenye saini asipendelee mtu." Na Waziri alikuwa na haki. Ule ni utaratibu mzuri sana, umeokoa muda wa mahakama zote.

Mzamilu akatia saini. Karani akaichukua fomu, akaivuta kalamu, akaandika polepole kwa mwandiko wa shule: Mwantumu binti Salehe, Mtaa wa Vibanzi. Kisha askari akaweka kielelezo juu ya meza. Kilikuwa ndoo ya njano yenye kiraka cha kandambili.

"Huyu ni mke wangu," alisema Mzamilu.

"Vizuri zaidi! Ushahidi wa mwenye nyumba unashinda wa jirani."

"Hajaiba, mheshimiwa. Hakuna aliyeiba. Nilisema uongo mimi. Udongo unapasuka wenyewe, haumngoji mtu, hata bahari nzima ukiumwagia utapasuka. Nilikosea."

Waziri Lihundi alivua miwani, akaifuta kwa tai. Alipozungumza alizungumza kwa upole, kama daktari.

"Kwa hiyo ulimdanganya Mtukufu usoni pake, mbele ya wavu wake? Usijibu haraka, ndugu yangu. Tuna fomu moja tu, na fomu ina nafasi ya jina moja. La mke wako likifutwa, karani lazima aandike jingine hapo hapo. Haya, sasa nijibu. Ulikosea?"

Kwenye ukuta palikuwa na saa. Karani aliinua kalamu akangoja. Mzamilu alikuwa mtu mwema, nawaambia kweli, na angekuwa nchi nyingine angekufa mwema. Alitazama ndoo. Alitazama kalamu.

"Nilikosea kusema nilikosea," alisema.

Karani akakausha wino.

*

Mwanasheria Mkuu ndiye aliyegundua bahati iliyokuwamo ndani ya jambo hilo. Adhabu ya mwizi wa unyevu wa taifa, alisema, ni kifo. Akishahukumiwa, huyo ni maiti anayesubiri. Maiti anayesubiri ana haki ya shimo. Na shimo lenye mwenyewe halimtafuti mtu, hata likichimbwa uani kwa nani. Kwa mujibu wa sheria, desturi na methali, ufa ungeweza kuzibwa kuanzia chini kabisa.

Kamati nzima ikamgeukia Mzamilu ikapiga makofi. "Pendekezo lako limepita!" alisema Waziri Lihundi, akimkumbatia. "Futi sita kamili! Upana ni wa mtu mmoja, lakini limepita!"

Usiku ule ule zege likakatwa kuufuata ufa. Udongo mweusi ukatolewa, chini ukiwa bado na baridi. Mzamilu aliamriwa kusimamia, kwa kuwa mtaalamu wa mambo hayo alikuwa yeye. Saa nne asubuhi Mwantumu akaletwa, mikono imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Alilitazama shimo, akamtazama mumewe na pimamaji lake mkononi, akaelewa yote pasipo kuambiwa. Huwezi kumficha jambo mwanamke aliyekufulia miaka kumi na tisa.

"Mwantumu," alisema Mzamilu. "Mwantumu, mimi..."

"Ugali nimeufunika na kawa, utakuwa umeharibika, umwage," alisema Mwantumu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya asubuhi. "Mlango nimeurudishia tu. Randa iko mahali pake."

Hakumtukana. Laiti angemtukana! Mzamilu alingoja tusi mpaka mwisho kama mtu anayengoja chenji yake, halikuja. Yaliyofuata siyasimulii, si kwa huruma, ila kwa kuwa yalikuwa mafupi.

Changarawe nyekundu ikamwagwa. Tabaka ya nusu futi, kushindilia, kupima, tabaka nyingine. Kwa futi sita zilitakiwa tabaka kumi na mbili. Zilitosha kumi, maana chini kulikuwa na mtu. Mzamilu alipima kila moja, na kila mara tone la hewa kwenye pimamaji lilitulia katikati. Zege likazibwa, rangi ikapakwa. Halafu akapelekwa chumba cha wageni Ikulu akae huko hadi sikukuu, apate kusifiwa kwa karibu.

*

Sikukuu ya Utulivu ilifana. Balozi wa nchi jirani alikuwa mcheza tenisi hodari na mwanadiplomasia hodari zaidi, akaukosa kila mpira kwa heshima. Kwa desturi ya Tambarare mistari haichorwi kabla ya mchezo. Mtukufu akipiga, watu wawili wenye chokaa hukimbilia mpira ulipoangukia, wakachora mstari kwa nje yake. Hadi mapumziko uwanja ulikuwa umeenea mpaka bandani kwa kuku.

Shida ilikuwa mpira wenyewe. Kiangazi kilikuwa kimeshaufinyanga uwanja, huku bonde, kule kinundu, mpira ukidunda huku unakwenda kule, na mmoja ulimpiga Mtukufu kwenye nembo ya kaptura.  Ndipo ukadunda mmoja pale palipokuwa na ufa. Ukaja umenyooka, mzuri, kimo cha kiuno. Mtukufu akaupiga. Ukaja mwingine pale pale, ukanyooka vile vile. Akaacha kucheza. Akaenda akapakanyaga mahali hapo kwa kisigino, mara mbili, tatu. Akarukaruka.

"Hapa pametulia," alisema. "Mbona pengine hapakutulia hivi?"

Waziri Lihundi alimsukuma Mzamilu mbele.

"Hapo palichimbwa futi sita, Mtukufu," alisema Mzamilu. Alikuwa akitazama kisigino. "Pakajazwa. Tabaka kwa tabaka."

"Kumbe dawa mnayo, mnaninyima!" Mtukufu alicheka, na wote wakacheka. "Basi na kwingine kote fanyeni hivyo hivyo. Utaratibu ule ule, msipunguze kitu."

*

Kamati ilikaa siku nne. Huko nje mvua za kwanza zilianza, na paa la ukumbi likawa linapigwa kama ngoma, lakini waheshimiwa walikuwa kwenye hesabu. Uwanja na pembezoni zake ni mita thelathini na sita kwa kumi na nane. Mtu mmoja, akilazwa vizuri, anachukua mita mbili kwa moja. Mwanasheria Mkuu alikumbusha kwamba desturi ni desturi, shimo bila mwenyewe haliwezekani.

"Mia tatu ishirini na nne," alisema katibu.

"Toa mmoja," alisema Waziri Lihundi. "Yule tayari."

"Mia tatu ishirini na watatu, mheshimiwa."

Wakamuuliza Mkurugenzi kama hesabu ni sahihi, naye akasema ni sahihi. Wakamkabidhi daftari la majina, aende nalo nyumbani, alijaze bila kupendelea. Mzamilu akalifungua pale pale, na kwenye mstari wa kwanza akaandika kwa herufi kubwa: Mzamilu Kitogo. Lilikuwa jambo la kwanza la kijasiri alilopata kufanya, na alichelewa kwa siku ishirini na nne.

Waziri Lihundi akalisoma, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Ubinafsi huo, ndugu yangu. Pimamaji atashika nani?" Akalikata jina kwa mstari mmoja ulionyooka, akafunua mpaka mwisho, akaliandika upya kwenye namba mia tatu ishirini na tatu. "Wewe utatufungia kazi. Sasa nenda kapumzike. Umepauka sana."

Basi Mzamilu akarudi nyumbani kwa miguu yake, kama alivyotaka, daftari kwapani. Mvua ilimnyeshea njia nzima, na udongo mweusi ukamganda viatuni mpaka akavivua akavibeba mkononi. Mtaa wa Vibanzi kila nyumba ilikuwa ikilia randa, kwaru, kwaru, kwaru, watu wako ndani wanajifungulia milango yao. Siwema alimwona akipita, akafunika mapacha, akatazama kando.

Alifika kwake, akasukuma mlango. Haukwenda. Akausukuma kwa bega. Nyumba ilikuwa imekaa tupu siku ishirini na nne na mvua nne, ukuta umeinama, fremu imeubana mlango ule wa viraka pande zote. Akapiga teke. Akazungukia dirishani, nondo. Akarudi. Kupitia ufa mdogo kati ya vibanzi viwili aliviona vitu vyake, mkeka, kawa juu ya sahani, na msumarini, shibiri moja kutoka kwenye jicho lake, randa mahali pake.

Akaweka viatu chini vizuri, kimoja kando ya kingine, akabisha hodi.

"Mwantumu," aliita. "Nimerudi, mke wangu. Nikwangulie mlango."